Nailoni ya jamvi imejaa matundu na zege linamwagwa Jumamosi: nifanye nini?

*"Najenga nyumba ya vyumba vitatu Njombe, ukubwa wake mita 9 kwa 11. Msingi umeisha, mawe yamepangwa na kushindiliwa, na Jumamosi fundi anataka kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Stoo alishaimwaga wiki iliyopita. Jana jioni nilipita saiti nikakuta nailoni imetandikwa moja kwa moja juu ya mawe, vibarua wanaikanyaga na kupitisha toroli juu yake. Ina matundu mengi, mengine yanaingia kidole. Fundi akaniambia matundu hayana shida, na mengine ameyatoboa mwenyewe kwa nondo ili maji ya zege yapate pa kutokea. Anasema unyevu ukija, tailizi zitauzuia. Kaka yangu aliyeko Ujerumani naye ananipigia kila siku akinisihi nisimwage kitu bila kuweka foamu chini, maana huko nyumba haijengwi bila hiyo na sisi Njombe tuna baridi. Mimi ni mwalimu, najenga kwa mkopo, sina hela ya kurudia kazi. Nimsikilize nani?"*

Mwalimu, hujachelewa. Zege likiwa bado halijamwagwa, karibu kila kosa la sakafu hurekebishika kwa siku moja na fedha kidogo. Likishamwagwa, kosa hilohilo linakula mwezi mzima. Kwa hiyo nianze na jibu, maelezo yafuate: jamvi la Jumamosi lisimwagwe juu ya nailoni hiyo. Foamu ya kaka yako inaweza kusubiri, hata kuachwa kabisa. Nailoni nzima haina mbadala.

Nimekaa na mafundi wengi wazuri wanaoamini kwamba maji hushuka tu, hayapandi. Lakini chovya utambi wa koroboi kwenye mafuta ya taa uone: mafuta yanaupanda wenyewe, bila pampu. Udongo wenu mwekundu una vijitundu vyembamba kama nyuzi za utambi huo. Zege nalo, hata likiwa gumu kiasi gani, limejaa vinjia vyembamba vilivyoachwa na maji yaliyozidi wakati wa kuchanganya. Na kadiri kinjia kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyokipanda juu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kupanga mawe chini ya jamvi. Nafasi kati ya jiwe na jiwe ni pana mno, maji hayawezi kuzikwea, utambi unakatika hapo. Ila mawe yakichanganyika na udongo, au yakifunikwa kwa moramu yenye vumbi jingi, utambi unaungwa tena. Na hata yakiwa safi, mvuke wa ardhini hupita katikati yake bila kizuizi. Kinachouzuia mvuke ni hiyo nailoni peke yake, na ndiyo maana inawekwa pamoja na mawe badala ya kimoja kati ya hivyo viwili.

Sasa kuhusu maji ya zege kupata pa kutokea. Fundi wako hajaitoa hewani hoja hii, kuna kitu amekiona kwa macho yake. Zege lililomwagwa juu ya nailoni huchelewa kushika. Maji yanapanda juu na kutuama, na fundi anasubiri saa nzima na zaidi kabla ya kupitisha mwiko. Likimwagwa juu ya mawe makavu, maji yananyonywa chini na kazi inaisha haraka. Akaona basi kutoboa ni kulisaidia zege. Kosa liko hapa: zege halikazi kwa kukauka. Linakaza kwa sababu saruji na maji vinaungana na kuwa kitu kimoja kipya, na muungano huo unaendelea kwa siku na wiki. Maji yakikimbilia kwenye mawe siku ya kwanza, sehemu ya chini ya jamvi inabaki na saruji yenye kiu ambayo haitakomaa. Dawa ya zege linalotoa maji mengi ni kupunguza maji kwenye mchanganyiko na kuvumilia mpaka yale ya juu yapotee, kisha ndipo mwiko upite. Asinyunyize saruji kavu juu ili kuyanyonya, maana tabaka hilo litamenyeka baadaye kama ganda. Kwa baridi ya Njombe uvumilivu huo unahitajika zaidi, kwa kuwa saruji hufanya kazi polepole hewa ikiwa ya baridi. Jamvi limwagiliwe au lifunikwe kwa siku saba kwa uchache, na nyakati za baridi kali ongeza siku.

Tailizi haziwezi kufanya kazi ya nailoni. Tailizi yenyewe ni kweli haipitishi maji kirahisi, lakini kati ya moja na nyingine kuna viungo vya saruji, na unyevu unaozuiwa na tailizi huhamia kwenye viungo hivyo na kwenye kuta. Huko maji yanakauka na kuacha chumvi. Ukiona unga mweupe unatoka kwenye viungo au chini ya ukuta karibu na sakafu, rangi ikivimba na kupukutika kwa urefu wa goti, ujue hicho ndicho kinachotokea. Baada ya miaka michache gundi inachoka na tailizi zinaanza kulia kwa utupu ukizigonga. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa amebadilisha tailizi za sebule mara mbili akiwalaumu wauzaji. Tulipopasua kona moja tulikuta chini hakuna nailoni kabisa.

Usinielewe kwamba kila tundu ni msiba. Matundu mawili matatu ya ncha ya msumari kwenye chumba kizima hayatakuharibia nyumba, yanazibwa na maisha yanaendelea. Lakini nailoni iliyolazwa juu ya mawe yenye ncha, ikakanyagwa na toroli, ikatobolewa kwa nondo, hata matundu usiyoyaona ni mengi. Usijaribu kuihesabu. Inyanyue kipande uelekeze juani, utaona mwanga ukipenya kama kwenye chungio.

Kazi ya kabla ya Jumamosi ni hii. Nailoni yote itolewe. Mawe yaangaliwe: jiwe lililosimama livunjwe au lilazwe, mianya mikubwa ijazwe kokoto. Juu yake itandazwe tabaka la mchanga au vumbi la kokoto, unene wa sentimita 5, lishindiliwe mpaka mtu akitembea haachi nyayo za kina. Tabaka hili ndilo mafundi wengi huliruka kwa kubana matumizi, na ndilo godoro la nailoni. Kwa nyumba yako ni mita za ujazo 5 hivi baada ya kushindilia, kwa hiyo agiza 6. Linganisha na jamvi lenyewe: kwa unene wa sentimita 10 linahitaji zege karibu mita za ujazo 10, yaani mifuko 60 na kitu ya saruji. Fedha ya mchanga huo ni ndogo sana mbele ya hiyo.

Kama mnapuliza dawa ya mchwa, huu ndio wakati wake, juu ya tabaka lililoshindiliwa na kabla ya nailoni. Anayepuliza avae glavu na barakoa, na kama kuna kisima karibu, muulize mtaalamu wa dawa kwanza.

Kisha nunua nailoni mpya. Dukani omba ile nene ya geji 1000, ambayo ni robo milimita. Ile nyembamba ya kufunikia mbegu usiikubali hata ukipewa bure. Ongeza robo juu ya eneo la sakafu, kwa sababu vipande vinatakiwa kupandana sentimita 30 na kubandikwa kwa tepu, na pembeni mwa kila chumba nailoni ipande juu ya ukuta wa msingi mpaka ikutane na ile karatasi ya lami iliyolazwa juu ya tofali za msingi. Hapo pa kukutana pana maana kubwa kuliko pengine popote. Nimeona nailoni safi kabisa katikati ya chumba, lakini pembeni imekatwa sambamba na ukuta kana kwamba ni zulia. Unyevu ukapanda kwenye huo mwanya wa upana wa kidole, na chumba kizima kikawa na mstari wa ukungu kwenye kona zake zote. Bomba linapotokeza, nailoni ikatwe mkato wa nyota, midomo ipande juu ya bomba na ifungwe kwa tepu.

Siku ya kumwaga, toroli zipite juu ya mbao. Kama kuna wavu wa BRC, ule wa chuma wa kuimarisha zege, ukae juu ya biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuunyanyua, usikae juu ya vipande vya nondo vilivyokunjwa, ambavyo vitatoboa tena mlichokiziba. Mtu mmoja apewe tepu na vipande vya nailoni na kazi yake iwe kuangalia chini tu. Kiraka kizidi tundu kwa sentimita 15 kila upande. Na wewe mwenyewe uwepo, Mwalimu, omba ruhusa kazini. Asubuhi kabla ya zege la kwanza, inama karibu na sakafu jua likiwa bado liko chini, utaona kila mchaniko.

Kuhusu fundi, usimgombeze mbele ya vibarua wake. Mwite pembeni, mwambie gharama ya mchanga na nailoni unaibeba wewe, na unachoomba kwake ni kazi ya siku moja ya kutandaza upya. Wengi hukubali wakishajua hawatatozwa. Akikataa katakata, hapo una jibu la swali jingine kuhusu kuta na paa alivyopanga kuvijenga.

Stoo iliyokwisha kumwagwa isikunyime usingizi, na usiivunje. Kwanza ipe muda. Zege jipya lina maji yake lenyewe, na kwa kawaida hutoa unyevu kwa kasi ya sentimita mbili na nusu kwa mwezi, kwa hiyo jamvi la sentimita 10 linataka miezi minne, na kwa hali yenu ya ubaridi na ukungu yaweza kuzidi. Ukipima kabla ya hapo utatishika bure. Baada ya muda huo, na hasa mvua zikiwa zimeshika, bandika kwa tepu kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita juu ya sakafu, pande zote nne, ukiache tangu jioni hadi kesho yake mchana. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege la pale limekuwa jeusi kuliko la pembeni, unyevu unatoka chini. Matone yakiwa juu ya nailoni ni jambo tofauti: ni hewa yenye unyevu iliyokutana na sakafu baridi ikatoa jasho, na tiba yake ni kufungua madirisha. Watu huchanganya haya mawili na kutibu ugonjwa ambao hawaumwi.

Ikithibitika kwamba unyevu unatoka chini, una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kusafisha sakafu vizuri na kuipaka tabaka la epoksi la kuzuia unyevu. Ni ghali, na likipakwa juu ya vumbi linabanduka. Ya pili ni kutandika nailoni mpya juu ya jamvi, ikapandishwa ukutani, kisha kumwaga juu yake tabaka la mchanga na saruji lisilopungua sentimita 5. Sakafu itanyanyuka, kwa hiyo pima mlango kwanza. Lakini hii ni stoo. Mimi ningekuwa wewe ningeacha sakafu ya saruji bila tailizi, nikaweka magunia juu ya chaga, na dirisha dogo la kupitisha hewa. Fedha ningeipeleka kwenye vyumba vya kulala.

Nakuja kwa kaka yako. Anachokisema ni kweli huko aliko. Ujerumani nyumba hupashwa moto kwa mitambo miezi mingi ya mwaka, na joto hilo limelipiwa. Foamu chini ya sakafu na kwenye kuta inazuia joto la kulipia lisipotee ardhini na nje. Zege hupitisha joto karibu mara 40 kuliko foamu hiyo, kwa hiyo bila foamu wangekuwa wanaipasha ardhi moto. Ila wewe huna mtambo wa kupasha nyumba, na hapo hesabu inageuka. Foamu haitengenezi joto, inalinda lililopo. Nyumba isiyopashwa ina kidogo sana cha kulindwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei. Ardhi iliyo mita chache chini haifuati baridi ya usiku. Inakaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo. Asubuhi ya Julai, sakitu ikiwa imeanguka bondeni, ardhi iliyo chini ya nyumba yako ina joto kuliko hewa ya nje. Katika nyumba isiyopashwa, ardhi hiyo inakusaidia kidogo usiku, na foamu ingeitenga na wewe.

Utaniuliza, mbona basi sakafu inauma miguu asubuhi? Acha sufuria na mwiko wa mti jikoni usiku kucha, alfajiri uvishike. Vyote vina joto lilelile la jikoni, lakini sufuria inahisi baridi zaidi, kwa sababu inanyonya joto la kiganja haraka. Zege na tailizi ni sufuria, mbao ni mwiko. Zege hupitisha joto mara 10 hivi kuliko mbao ya paini. Foamu ikiwa chini ya sentimita 10 za zege, mguu wako bado unakanyaga zege, na zege litaendelea kuunyonya. Mguu unajali kilicho juu. Na zege lenye unyevu ni baya zaidi, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye vijitundu yamechukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Juu ya hapo, unyevu ukiondoka kama mvuke unachukua joto la chumba kwenda nalo. Jamvi kavu tu, bila foamu yoyote, tayari ni hatua kuelekea sakafu yenye joto.

Kwa hiyo kwa vyumba vya kulala, fikiria kilicho mlangoni kwenu. Mnaishi karibu na misitu ya paini na milingoti kuliko mikoa mingi nchini. Sakafu ya mbao zilizokaushwa vizuri na kupigwa dawa, juu ya papi, yaani mbao nyembamba za kushikilia, zilizolazwa kwenye jamvi kavu, itakupa miguu yenye joto kuliko foamu ya chini. Naisisitiza ile kavu: mbao juu ya jamvi lenye unyevu huoza na kualika mchwa. Ikikushinda kwa sasa, mkeka na zulia vinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ndogo, na chumba kinaweza kuwekewa mbao mwaka wowote ujao bila kubomoa kitu.

Ningebadilisha ushauri huu kama una mpango wa kweli wa kujenga jiko la kuni lenye bomba la moshi na kupasha sebule kila jioni. Hapo foamu ina faida, na faida kubwa iko pembeni mwa jamvi, kwenye sehemu ya msingi inayotazama nje, kuliko katikati. Iwe ile ngumu ya ujenzi inayobeba uzito, maana ile nyeupe laini inayofungia televisheni itabonyea na jamvi litapasuka. Na ilindwe dhidi ya mchwa. Hawaili, lakini wanaichimba njia za kupandia ndani, na humo huwaoni. Hili halina uzito mkubwa Ujerumani, ndiyo maana kaka yako hakulitaja.

Na kwa kuwa tumezungumzia joto, niseme hili kwa uzito wake: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata dakika chache kabla ya kulala. Kaboni monoksidi haina harufu, na watu wamekufa usingizini kwa kutafuta joto.

Yako mambo ambayo sitayaamua nikiwa mbali. Kama kiwanja chako kimeshuka kuelekea bondeni karibu na vinyungu, zile bustani za mabondeni, kama mashimo ya msingi yalitoa maji wakati wa kuchimba, au kama udongo ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, mlete mhandisi kabla ya Jumamosi. Huko tatizo si unyevu unaopanda polepole, ni maji yanayosukuma, na nailoni ya geji 1000 haikutengenezwa kuyazuia. Huenda ukahitaji mifereji ya chini au kunyanyua msingi. Mwite pia kama sakafu ya stoo imeanza kuonyesha nyufa za kupitisha sarafu, au upande mmoja umezama, kwa kuwa hapo kifusi hakikushindiliwa. Mhandisi wa halmashauri aliyehusika na kibali chako cha ujenzi ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukimchukua wa binafsi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Leo jioni pita saiti, inyanyue nailoni juani na fundi wako akiwa amesimama pembeni yako, muone pamoja. Agiza mchanga kesho asubuhi. Mchanga ukichelewa kufika, sogeza zege hadi Jumatatu. Saruji itunzwe juu ya mbao na ifunikwe, haitaharibika kwa siku mbili.